Boti Safi ya Manoy Rogas

Rogaciano Nacario Bermundo, mwana wa Hilarion aliyepiga kengele ya kanisa mpaka tufani ikaing'oa kengele yenyewe, mjukuu wa Basilia aliyezalisha nusu ya kijiji chetu cha San Ruperto. Naye mwenyewe mtunza mali ya kijiji kwa miaka thelathini na mmoja, chini ya makapitani saba, yaani wakuu wa kijiji, asipoteze hata kijiko. Sote tulimwita Manoy Rogas, kaka mkubwa. Nilisoma naye darasa la tatu. Hata penseli yake aliiandika namba.

Viti vya misibani, turubai, machela, vyote alivijua kwa namba. Ukiazima sufuria la harusi ulisugue hasa, maana atalipindua juani atafute masizi kama mama mkwe.

Sasa, kwetu kila kapitani akishika kijiji huandika jina lake juu ya mali ya umma. Boti ya uokoaji ilinunuliwa kwa fungu la maafa, jasho letu sote, lakini ubavuni ilisomeka "Zawadi ya Kapitan Osmundo". Osmundo alipoanguka uchaguzini, kapitani mpya, Efren Lotivio, hakutaka hata kuiona.

"Manoy, ifunike. Haitoki mpaka fundi wa rangi aje afute hilo jina."

"Atakuja lini?"

"Atakuja tu."

Miezi minane ikapita. Manoy Rogas hakubisha, na hapo namlaumu kidogo, ingawa nampenda. Moyoni alifurahi. Boti isiyotoka haikwaruziki. Kila asubuhi aliifuta vumbi, na injini akaifunika kwa shuka la marehemu mkewe, lile la maua.

Novemba tufani ikatupiga. Kufika adhuhuri mto ulikuwa umemeza barabara ya kitongoji cha Sabang, na watu arobaini na wawili wamekwama juu ya mapaa. Kapitan Efren aliingia ghalani akichuruzika maji.

"Manoy, nimeomba boti mjini. Wananiuliza, yenu iko wapi?"

"Hii hapa. Inasubiri rangi."

"Sasa itatokaje na jina la yule mtu? Watu watanicheka."

"Mama mkwe wako yuko juu ya paa kule Sabang, Kapitan. Nikamwambie asubiri fundi?"

Efren akashika turubai la boti kwa mkono wake mwenyewe akalivuta. "Itoe."

Wanaume wanane wakaibeba mpaka mtoni. Manoy Rogas akavuta kamba ya injini. Akavuta tena. Ilikohoa mara moja kama mzee wa tumbaku, ikanyamaza kabisa. Petroli ya miezi minane ilikuwa imegeuka ulimbo. Nilimwona amesimama na kamba mkononi, mvua ikimpiga usoni.

"Nimeiua kwa usafi," akasema.

Mtu akamjibu, "Utalia kesho, Manoy! Leta mianzi!"

Ikaletwa mianzi ya hema la misiba. Wakasukuma kwa mianzi, wanaume wanne, na Manoy Rogas na miaka yake sitini na nne mbele kabisa, akipiga kelele, "Kushoto! Kushoto, mbuzi wewe!" Safari sita. Wote wakatoka hai, na mama mkwe wa Kapitan akatoka na jogoo wake kwapani, akitutukana kwa kuchelewa. Safari ya mwisho bati la paa la shule likatoboa ubavu wa boti.

"Manoy," Efren akasema taratibu, kama anayepeleka habari ya msiba, "imetoboka."

"Naona. Si ndiyo kazi yake?"

Fundi akaziba tundu, injini ikasafishwa. Efren akataka jina lake liandikwe pale palipozibwa; mama mkwe wake akamtazama tu, naye akaghairi. Desemba Manoy Rogas alistaafu. Tulimpikia wali na majani ya magimbi kwa tui na pilipili, kama apendavyo. Alikula kidogo, akamwita Kapitan mtoni, boti ikiwa tayari majini.

"Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, iwe jua iwe mvua, utaiingiza majini na kuiwasha. Wewe, si karani."

"Manoy, mimi nina mikutano."

"Mkutano saa tatu. Mto uko hapa tangu alfajiri." Akamtia kamba ya injini mkononi. "Haya, vuta. Siyo hivyo, utajing'oa bega. Panua miguu. Vuta tena."