Nilimficha dada yangu, kisha nikaitaja nyumba kwenye muvi

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usije ukanionea huruma kabla hujasikia nilichofanya. Mke wangu nimemwambia nusu tu. Wewe hunijui, kwa hiyo nakupa yote.

Mimi natafsiri muvi. Anayekwenda kwenye mabanda ya video anaijua kazi yangu. Wazungu wanaongea chao, halafu sauti ya mtu mmoja inaingia juu yao na kuwasemea wote kwa Kiswahili, mwanamume, mwanamke, mpaka mtoto. Huku Kibaha na Mlandizi sauti hiyo ilikuwa yangu. Nina chumba kimoja, ukutani nimebandika trei za mayai kuzuia mwangwi, na feni ni lazima niizime ninaporekodi. Nikitoka mle nimelowa chapachapa.

Muvi za kijasusi ndizo zilizonipa jina. Mtazamaji wetu hana habari na miji ya Ulaya. Ukimwambia jasusi kapanda treni kwenda huko, anapiga miayo. Mwambie jasusi katokea Zegereni, kajifanya kibarua wa kiwandani, uone banda linavyolipuka. Basi nilikuwa natia mitaa yetu humo humo, na kila mahali nilipopataja nilikuwa nimepakanyaga kwa miguu yangu.

Shabiki wangu mkubwa alikuwa shemeji, mume wa dada yangu Zaina. Akitoka zamu kiwandani anakuja moja kwa moja benchi la mbele. Alikuwa akiwaambia wenzake, "Shemeji yangu huyu hatungi. Akitaja mahali, jua alishafika." Mimi huku navimba kichwa. Mjinga mimi!

Mtu huyo alikuwa anampiga dada yangu. Anampiga mpaka anachoka, anakunywa maji, anaanza upya. Mara ya mwisho alimwambia mbele ya mtoto wao kwamba akithubutu kuondoka atamtafuta, na akimpata hatamwacha mzima. Mama akasema imetosha.

Asubuhi moja, shemeji akiwa kazini, nilimpakia dada kwenye pikipiki yangu, mtoto katikati, begi moja tu. Tukashika njia ya Mzenga mpaka Vihingo, kwa shangazi yetu aliyeolewa huko miaka mingi, sasa mjane. Shemeji hakuwahi hata kumsikia. Siri ikawa ya watu wanne: mama, shangazi, Zaina na mimi.

Nilipokuwa naaga, shangazi alinishika mkono akakataa kuuachia.

"Baba, wewe maneno yako mengi. Ya hapa yaache hapa hapa."

"Mimi tena, shangazi?" nikamjibu huku nacheka.

Wiki zilizofuata shemeji alinijia mara tatu. "Shemeji, kweli hujui mwenzangu yuko wapi?" Nikamkazia macho, nikamwapia kwamba sijui. Nilidanganya vizuri mno, nikajiona na mimi jasusi kweli, kama hao ninaowasemea. Kiburi kiliniingilia hapo.

Kisha ikaja ile muvi. Jasusi anamficha mwanamke ambaye watu wanataka kumuua. Anampakia kwenye gari, wanakatiza msituni muda mrefu, hakuna anayesema neno. Kimya ndicho adui wa kazi yangu, maana watu wakikosa sauti wanaanza kupiga soga. Kwa hiyo nikajaza. Maneno yalitoka yenyewe, sikuyatafuta:

"Tulia dada. Tunaipita Mzenga, tunaingia Vihingo. Ukiona msikiti wenye kisima mbele, kata kushoto. Nyumba ya bati jekundu, mlango wa uani unafungwa kwa mpira wa baiskeli. Humo hakupati mtu."

Niliporudia kusikiliza, nilielewa nimesema nini, sitadanganya hapo. Kuikata ile sehemu ilikuwa kazi ya dakika moja. Lakini ilikuwa nzuri! Tangu nianze kutafsiri sikuwahi kutoa kipande kitamu kama kile. Nikajiambia ni muvi tu, nani atajali.

Nikaiacha.

Jumamosi mchana banda lilijaa. Mimi nilisimama mlangoni, kama kawaida yangu, nisikie watu wanavyoipokea. Kipande kile kilipofika wakacheka, wakapiga makofi kwa ule mpira wa baiskeli. Shemeji peke yake hakucheka. Alinyoosha mkono akamwambia anayeendesha mitambo, "Hebu rudisha nyuma kidogo." Watu wakamzomea. Ikarudishwa, akasikiliza tena, kainamisha kichwa.

Akatoka kabla muvi haijaisha. Alipofika kwangu alinishika bega, mkono wake mzito na wa moto.

"Kazi nzuri, shemeji. Huo mlango umeuchora vizuri sana."

Akaondoka taratibu, wala hakukimbia. Ningepiga kelele pale pale, vijana wangemdaka. Sikupiga. Ningewaambia nini, kwamba nimemuuza dada yangu ili wapige makofi? Nikampigia shangazi, simu haipatikani. Nikapiga tena na tena. Halafu, Mungu anisamehe, nikaenda kwanza nyumbani kwa shemeji kuangalia kama amerudi, maana nilitaka sana awe amerudi. Nikakuta kufuli mlangoni. Hapo ndipo niliposhika njia ya Vihingo.

Nilikuta uani watu wamejaa. Mlango uko chini, mpira umekatwa. Majirani waliokuwa wanatoka shamba pamoja na shangazi walisikia kelele wakawahi, vinginevyo tungezika. Shemeji alikimbilia porini na mpaka leo hajapatikana. Dada alivunjwa mkono na taya, na jicho la kushoto halioni tena.

Mtoto wake nilimkuta amejibana nyuma ya pipa la maji. Hakuwa analia. Aliniangalia, akauliza:

"Mjomba, baba anasema wewe ndiye uliyemwelekeza. Kweli?"

Hadi leo sijamjibu.

Dada alipotoka hospitali alihamishwa. Mama anajua alipo. Akiwa anaongea naye kwenye simu nami nikaingia, mama ananyanyuka anakwenda nje. Hanigombezi, hanisemi, ananyanyuka tu. Bora angenitukana.

Kurekodi nimeacha. Muvi yenyewe siwezi kuirudisha, imeshatembea kwenye flashi na memori kadi za watu nisiowajua. Juzi nilikuwa kwa kinyozi, nikasikia sauti yangu kwenye televisheni inaelekeza njia ya Vihingo, na vijana wawili wanaifuatiza neno kwa neno, mpaka ule mpira wa baiskeli. Nilitoka nimenyolewa upande mmoja.

Na wiki iliyopita ujumbe uliingia kwa namba ngeni: "Shemeji, kimya sana. Nyingine unatoa lini?" Nilikimbia nao polisi. Walipopiga, namba ilikuwa imeshazimwa.

Ndugu yangu unayesoma, kama kuna mtu amejificha na wewe unajua alipo, usijiamini kama nilivyojiamini. Usisimulie hata kwa mzaha, hata kwa kubadilisha majina. Anayemtafuta haangalii kama wenzake wanavyoangalia. Wao wanacheka, yeye anarudisha nyuma kusikiliza tena.

Kila Ijumaa namwomba Mungu amlinde dada yangu popote alipo. Siku moja mama alifungua mdomo kuniambia ni wapi, nadhani alinihurumia. Niliziba masikio kwa mikono miwili, nikamwambia, "Mama, nakuomba, mimi usiniambie."