Kioo cha Gari la Macho

Mwezi jana, nikitoka mji wa Wote, lori lilinirushia kokoto na kioo cha mbele cha gari langu kikapasuka. Nikarudi mjini kutafuta fundi. Alikuja na gundi na vishikio vya mpira vya kunyonya kioo, na kabla sijamaliza chai yangu kioo kipya kilikuwa mahali pake. Nilimuuliza kama siku hizi hawatumii sabuni na kamba. Akacheka. "Mathee, hiyo ni ya kitambo sana." Ni kweli, rafiki yangu, ni ya kitambo. Lakini nililipa, nikaketi ndani ya gari, na nikashindwa kuliwasha kwa muda mrefu.

Nilikuwa na miaka kumi, tukikaa Ikutha, miaka ya sabini. Baba alikuwa fundi wa magari, na uwanja wake wa kazi ndio uliokuwa uwanja wa nyumba yetu, nyuma ya soko. Kuku walitaga ndani ya matairi. Asubuhi harufu ya grisi ilichanganyika na ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa, ukichemka na mbaazi, na siku za mnada mbuzi walilia mpaka jioni. Nilipewa jina la mama yake Baba, kwa hivyo Baba hakuniita jina langu. Aliniita mwaitu, yaani mama yangu kwa Kikamba. Akirudi safari angesimama langoni na kuita, "Mwaitu, umenipikia nini?" nami ningekimbia kama mtu aliyeitwa mbinguni. Nyanya mwenyewe, Susu kama tulivyomwita, aliishi nasi. Jicho lake moja lilikuwa limekufa zamani, na la pili lilikuwa linafifia.

Kila likizo kanisa letu lilipokea gari la macho. Lilikuwa gari-nyumba kubwa jeupe, lenye kitanda, sinki na jiko dogo la gesi ndani yake, na mapazia ya maua madirishani. Lilimleta Sista, muuguzi wa macho, mwanamke wa Machakos aliyeongea polepole, pamoja na dereva wake. Sisi watoto tulipanga foleni kuonyeshwa vile maji yanatoka kwenye bomba ndani ya gari, maana sisi ya kwetu tuliyachimba mchangani mtoni. Mwaka huo Sista alimpima Susu, akamshika mikono yote miwili na kumwambia Baba, "Hili moja tunaweza kuliokoa. Daktari mgeni atakuwa Machakos wiki ijayo, wiki hiyo tu. Nitampeleka mwenyewe, na wazee wengine watatu."

Kesho yake kioo cha mbele cha gari la macho kikapasuka kwa jiwe kwenye barabara ya Kibwezi. Wazee wa kanisa walitaka gari lipelekwe kwa fundi wa huko, Mhindi aliyekuwa na gereji kubwa. Baba alisimama mbele yao na kusema ataifanya kazi hiyo yeye, na ataifanya vizuri. Nilijivuna sana. Kioo kiliagizwa Nairobi, kikaja juu ya basi kimefungwa blanketi na majani makavu, watu wanne wakakishusha kama wanashusha mgonjwa.

Kazi yenyewe ilitaka watu wawili. Unakivisha kioo raba, unapitisha kamba ndani ya mfereji wa raba, unapaka povu la sabuni. Mmoja anasukuma kwa nje, mwingine anavuta kamba akiwa ndani, na raba inaruka ukingo wa bati kidogo kidogo. Dereva alikuwa ameenda na Sista kuona mgonjwa, akasema asubiriwe. Baba hakusubiri. Nafikiri alitaka warudi wakute kazi imekwisha. Nilipomletea uji alikuwa peke yake, anasukuma nje, anaingia ndani kuvuta, anatoka tena. Kona moja ya chini ilikataa. Akaigonga kwa ngumi.

Ililia tak, kama kuni kavu. Ufa mrefu ukapanda kutoka pembeni.

Baba alitoa neno baya ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Halafu akainama, akaokota jiwe, akaangalia huku na huku, na akapiga kioo katikati, pigo moja. Pale palipopigwa pakatokea nyota. Alipogeuka akaniona na bakuli la uji.

"Mwaitu," akasema kwa upole, "nenda mtoni ukachote maji. Usiharakishe."

Nilidhani ananionea huruma. Nilidhani hataki nione aibu yake atakapowaeleza watu. Nilichimba mchanga, nikangoja maji yapande, nikayateka kwa kibuyu bila haraka kama nilivyoambiwa, na njiani nilimwombea Baba wasimkasirikie sana.

Nilipofika nyumbani walikuwa wamesimama wakiningoja. Sista, dereva, wazee wawili wa kanisa, na Baba.

"Wewe, kuja hapa," mzee mmoja akasema. "Kwa nini ulirusha jiwe?"

Mtungi ulikuwa bado kichwani. "Jiwe gani?"

"Baba yako ametuambia. Ulikuwa unafukuza njiwa."

Nilimtazama Baba. Alikuwa anafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Si mimi," nikasema.

"Mwaitu," Baba akasema, "usiongeze dhambi juu ya dhambi."

Nilichapwa jioni hiyo, na Baba ndiye aliyenichapa. Jumapili nilisimamishwa mbele ya kanisa nikaomba msamaha kwa sauti, na watu wakasema amina. Sista alinipapasa kichwa akasema amenisamehe. Huruma yake iliniuma kuliko fimbo.

Dereva alikataa kubeba wazee nyuma ya kioo kinachoweza kuwaangukia. Wazee watatu walipelekwa Machakos kwa basi na watoto wao. Mtu wa kumpeleka Susu alikuwa Baba, na Baba alisema hawezi kuliacha gari la macho wazi uwanjani mpaka kioo kingine kifike. Kilifika. Alikitia vizuri, akisaidiwa na dereva, bila ufa wowote, na wazee wakamsifu. Wiki ya daktari ilikuwa imepita. Gari liliporudi likizo iliyofuata, Sista alimulika jicho la Susu kwa tochi yake, akaizima, akasema tumechelewa.

Basi nikawa macho yake. Alishika bega langu, tukaenda kanisani, chooni, shambani wakati wa kuvuna ndengu. Wanawake walisema ni haki, mimi niliyemponza nimwongoze. Niliwasikia, na Susu aliwasikia pia. Usiku sikuweza kumchukia Baba kikamilifu, kwa sababu bado aliniita mwaitu. Ila mimi sikukimbia tena akiita. Nilijifariji kwa kitu kimoja: kwamba mimi na Susu tumeonewa pamoja, ila yeye hajui.

Nilimwongoza miaka minane. Nilipopata nafasi ya chuo cha ualimu niliamua sitaondoka na siri hiyo. Tulikuwa tumekaa jikoni tukiambua mbaazi, vidole vyake vikifanya kazi upesi kuliko vyangu. Nikamwambia yote: ngumi, ufa, jiwe, mtoni.

Vidole vyake havikusimama.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Susu?"

"Siku ile nilikuwa hapa hapa jikoni. Nilisikia kioo kikilia, nikasikia babako akilaani, halafu nikasikia jiwe. Kisha nikamsikia akikutuma mtoni."

"Na mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ni mtoto wangu. Wazee wasingempa gari tena, na huu uwanja ungetulisha na nini?" Alitupa maganda kando. "Wewe ulikuwa mdogo. Nilijua utasahau."

Nilimaliza mbaazi zangu. Nikaosha bakuli, nikalianika juani.

Wote wawili wamekwenda. Kwenye mazishi ya Baba wasemaji walisifu mikono yake, na mimi, kama mtoto wa kwanza, nilisoma historia ya maisha yake bila kuongeza neno. Uwanja una duka la vifaa vya ujenzi sasa. Magari ya namna ile hayaji tena, na vijana wa Ikutha hawajui kwamba yaliwahi kuja. Hayo yote naweza kuyakosa bila kulia. Ninachokosa ni ile miaka minane, mkono wa Susu begani mwangu, nilipoamini tuko wawili.