Herufi Mbili za Magambani

Hori letu dogo hapa karibu na Bodo linaitwa Magambani. Wavuvi wa zamani walikuwa wakipaa samaki pale kabla ya kuingia kijijini, na magamba yakatapakaa hadi kwenye mikoko. Kamati ya utalii ilipotaka kibao, ikanichagua mimi, maana nina mwandiko mzuri. Mwandiko ndio niliousomea. Mengine shule iliishia njiani. Nikaruka "ga". Kibao kikasimama: KARIBUNI MAMBANI. Kamati nzima ilikisoma na kunipigia makofi. Sisemi hivi kujitetea. Labda kidogo.

Basi wageni wakaanza kuja kutoka Diani kutafuta mamba, katika hori ambalo maji yakitoka mbuzi huvuka bila kulowa tumbo. Mwongozaji wao, mtu wa bara, hakushindwa. Aliwaonyesha kenge aliyelala juu ya mizizi ya mikoko, akasema ni mamba wa aina ya wapole. Picha zikapigwa, kenge akavimba kichwa. Lakini nisimcheke sana mwongozaji. Ndiye aliyembebea shangazi yangu ndoo mara mbili.

Kisha kamati, kwa usalama wetu, ikafunga kamba: kina mama wasiingie majini. Shangazi hubandua chaza kwenye mizizi hiyo. Ndicho kitoweo chake, ndiyo biashara yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Huyo mamba wako keshakula wangapi?"

"Hakuna mamba, shangazi."

"Mimi najua. Kakiambie kibao."

Asubuhi yake nikaenda na rangi. Mwongozaji akanizuia. "Buda, acha tu! Hiyo jina inauza."

"Na shangazi ale jina?"

Akakuna kichwa. Halafu akanishikia ngazi.

Nafasi haikuwapo, kwa hiyo "ga" imekaa juu, ndogo, kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Mwenyekiti wa kamati alisoma, akasoma tena, akasema kosa hilo aliliona tangu mwanzo. Huenda ni kweli. Simo kichwani mwake. Kamba akaifungua mwenyewe.

Shangazi akaingia na ndoo yake, maji ya magotini. Kenge akamtazama, akasogea. Wageni wawili ufukoni wakapiga mayowe.

"Tulieni, wanangu," shangazi akawaambia, kisu mkononi. "Huyu jirani yangu. Haumi; anapenda kupigwa picha tu."