Mboga za Baba

Baba alikuwa dereva wa lori la mahindi. Alipakia magunia kijijini Kwanza na mjini Kitale, akayateremsha Bungoma, na kwa sababu hiyo alikuwa na nyumba mbili. Nyumba ya mama yangu ilikuwa Kwanza, katikati ya shamba la mahindi. Nyumba ya mama mdogo, mke wake wa pili, ilikuwa Kanduyi, huko Bungoma, ya matofali, karibu na barabara. Mama mdogo alikuwa na duka la vitambaa na hakuwa amelima tangu aolewe.

Katikati ya miaka ya themanini baba alianza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Alikonda, miguu ikamwaka moto. Mama ndiye aliyempeleka hospitali Kitale, nami nikaenda nao kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Wakasema ni sukari.

Muuguzi aliyetuhudumia alikuwa mama mzima, mwenye sauti ya taratibu. "Mzee, ugali punguza sana. Mkate, chapati, ndizi, chai ya sukari, hizo usahau. Lakini unisikie vizuri. Mahali pa ugali ujaze mboga za majani na maharagwe kidogo. Maparachichi pia, na maji mengi. Ukikosa nyuzinyuzi za mboga, tumbo litafunga, na utateseka kuliko hii sukari yenyewe."

Mama aliitikia kwa kila neno. Baba alisikia nusu ya kwanza tu. Kwake muuguzi alikuwa amemkataza ugali, basi. Habari hiyo ndiyo aliyoipeleka Kanduyi, na mama mdogo akaipokea kwa mikono miwili. Akamwondolea ugali, akamwekea nyama. Asubuhi mayai, mchana maini, jioni mbuzi wa kuchoma na maziwa ya mtindi. Watu wakasema pale mjini kwamba yule mwanamke anajua kutunza mume.

Lori lilipomrudisha Kwanza, tulimwona akishuka polepole, mkono kiunoni, uso umepauka. Hakusalimia. Alienda moja kwa moja chooni nyuma ya migomba na kukaa huko mpaka chai ikapoa. Alipotoka jasho lilikuwa linamtiririka. Mama alichukua kikapu akaingia bustanini.

Bustani hiyo alikuwa ameilima mwenyewe kando ya jikoni, baada ya siku ile ya hospitali. Kulikuwa na mboga za kienyeji: kunde, saga, managu, majani ya maboga, na murenda ule unaoteleza kama ute wa yai. Kuchambua murenda ni kazi ya kuvunja mgongo. Jani ni dogo, nalo huchumwa moja moja. Vidole vya mama vilikuwa na weusi ambao sabuni haikuutoa. Aliupika murenda na kunde kwa magadi ya majivu ya maganda ya maharagwe, akamjazia baba sahani mpaka pembeni. Kando aliweka samaki mdogo, au yai moja, na bilauri ya maji.

"Hii ni chakula ya ng'ombe," baba alisema kila mara.

"Kula, Baba Watoto."

Alikula. Baada ya siku mbili au tatu tumbo lilifunguka, na nyumba nzima ilijua. Alianza kupiga mluzi na kututania. Alinyoa ndevu mbele ya kioo cha lori. Halafu akawasha injini akaenda Kanduyi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka mingi. Kwetu alikuja kupona. Alikoenda kufurahi ni kule.

Nilipofika kidato cha pili nilimuuliza mama kwa nini anakubali. Alikuwa anapepeta maharagwe, hakuinua kichwa. "Ni mgonjwa," alisema. "Wewe ungetaka nimwache?"

Likizo moja mama alinituma Kanduyi na kikapu cha mboga, amezifunga kwa majani ya migomba zisinyauke. Niliagizwa nimwambie mama mdogo azipike siku hiyohiyo. Nilimkuta jikoni, amevaa gauni zuri, anageuza nyama kwenye jiko la makaa. Alifungua kikapu, akacheka.

"Hii ni nini umeleta?"

"Mama amesema baba anahitaji mboga. Tumbo yake inafunga."

"Ati inafunga? Hapa kwangu haijawahi kufunga." Alisukuma kikapu kwa mguu. "Peleka kwa kuku. Mgeni akikuja akute nampikia mzee majani, atasema duka imeanguka."

Baba alikuwa sebuleni na mlango ulikuwa wazi. Alisikia. Nilimtazama nikitegemea aseme hata neno moja. Alichukua kijiti cha kuchokolea meno, akageuka upande wa dirisha.

Nilirudi Kwanza nikamwambia mama kwamba mboga zimepokelewa vizuri.

Baba alipostaafu udereva, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ilifanywa sherehe ya kumshukuru Mungu huko Kanduyi. Mama alialikwa. Aliketi upande wa wanawake, sahani kwenye mapaja, kitambaa kipya kichwani. Mhubiri alipomaliza, baba alisimama. Alieleza jinsi sukari ilivyowamaliza madereva wenzake, wengine wakakatwa miguu, na yeye bado yuko imara. "Ni Mungu," alisema, "na ni huyu mama." Akamshika mama mdogo mkono. "Huyu ndiye amenilisha vizuri."

Watu walipiga makofi. Mama pia alipiga.

Hazikupita wiki mbili baba akaja Kwanza, mkono kiunoni. Alikaa kwenye kiti chake, akangoja. Mama alikuwa anashona shati, akaendelea kushona.

"Mama Watoto, mboga hakuna leo?"

"Ziko shambani. Kikapu kiko pale mlangoni."

Baba alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akakitazama kikapu. Hakwenda shambani. Alilala, asubuhi akapanda gari kurudi Bungoma, na huko tumbo lilimfunga mpaka akalazwa. Alitoka hospitali akitembea kama mzee wa miaka tisini.

Ndipo mama mdogo alipokuja Kwanza kwa mara ya kwanza maishani mwake. Viatu vyake vilijaa matope. Alisimama mlangoni, hakujua aweke wapi mikono.

"Dada," alisema, "hospitali wameniambia ni mboga. Nionyeshe."

Nilitaka mama amfukuze. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu iwapo yake yangepungua. Lakini mama alimpa kigoda, wakachambua murenda pamoja. Alimwonyesha kiasi cha magadi na muda wa kuacha sufuria motoni. Mwishowe alimfungia mbegu za kila aina kwenye kitambaa.

Alipoondoka nilimfokea mama. "Umempa kila kitu!"

"Nimechoka kupika," alisema.

Mama mdogo alilima kweli. Alivunja sehemu ya ua nyuma ya duka, akapanda. Baba akapata nafuu ya kudumu, na kwa kuwa sasa alipona hukohuko, hakuwa na la kumleta kwetu. Alikuja wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, akahesabu magunia, akaondoka kabla ya giza. Mama alikula mboga zake peke yake.

Krismasi moja baba alikuja na kukaa mpaka chakula cha mchana. Mama alimwandalia kama zamani, sahani imejaa mpaka pembeni. Baba alionja, akaweka kijiko chini.

"Mama yenu mdogo huzipika laini zaidi," alisema.

Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na sisi watoto, watu wazima tayari, tuliinamisha vichwa tukatazama sahani zetu.