Baba wa Asgar, Kati ya Gulwe na Dodoma

Niliondoka Gulwe kwa sababu ya neno moja. Nilikuwa nabeba mataruma ya reli ya Wajerumani, nikamsikia mgeni akinung'unika peke yake, na katikati ya maneno nisiyoyajua likapita "saat". Kisha "kitab". Kisha "dunya". Shule niliiacha mapema, lakini masikio yangu hayakuacha kusoma. Nikamwendea, nikamwuliza hiyo ni lugha gani. Akasema ni Kituruki cha kwao Baku, mji ambao mafuta hutoka ardhini. Siku hizi nasikia inaitwa Kiazerbaijani. Yeye alikuwa fundi wa kutoboa visima, ametumwa Dodoma kutafuta maji ya gari moshi, na alitaka mtu wa kuongoza punda. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Asubuhi ya kuondoka nikamwuliza jina.

"Asgar."

"Usilitaje huku. Wenyeji wakisikia askari, watakimbia na ng'ombe wao."

Akacheka. "Hata kwetu asgar ni askari, ndugu yangu. Mama hakujua kama nitafika Ugogo."

Njiani, kati ya vichaka vya miiba, alinifundisha. Maji ni su. Nyumba ni ev; nyumba yangu, evim; nyumbani kwangu, evimde. Sisi mizigo mingi ya neno tunaitanguliza mbele, wao wanaifunga nyuma, mmoja baada ya mwingine, kama punda wetu. Na mzigo hufuata sauti ya anayeongoza: vitabu ni kitablar, lakini nyumba zikiwa nyingi ni evler. Nilipojaribu kusema "evlar", alishika shavu kama mtu mwenye jino bovu.

Alasiri moja, viriba vikiwa vitupu, tukafika kwenye tembe la Mzee Ndahani, mwenye kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto. Punda mmoja alikuwa ameshalala chini. Maji mengine yalikuwa mbali kuliko nguvu zao.

"Mbukwa!" tukasalimu.

Ndahani, aliyejua Kiswahili cha misafara, akatuuliza kwa utaratibu wa kwao: ng'ombe, mvua, wazazi. Asgar akataka kujibu mwenyewe.

"Mama mzima. Baba amekufa."

Mke wa Ndahani akaacha kutwanga. "Pole, mwanangu." Ukaletwa ugali na mlenda, tukala kwa sauti za chini. Kisha mama yule akauliza, "Na mama yako anatunzwa na nani?"

"Mume wake."

"Ameolewa tena?"

"Hapana. Ni yule aliyenizaa."

Ndahani akasukuma bakuli. "Mtu anamzika baba yake kwa mdomo ili apewe ugali? Nikimpa maji huyu, kisima kitakauka. Ondoeni punda wenu."

Nikamgeukia Asgar haraka. "Kwenu baba ni nani?"

"Mzazi wa ata."

"Na ata?"

"Aliyenizaa."

Neno askari tuliliogopa, neno baba hatukulifikiria. Nikamweleza Ndahani kwamba kwao baba ni babu.

"Na bibi je?" mkewe akadakia.

"Bibi ni dada wa ata," akasema Asgar.

"Shangazi! Umesikia, mume wangu? Nimepata mtoto mweupe wa kaka yangu!" Akacheka hadi akashika mchi.

Ndahani hakucheka. "Neno limeshatoka. Na alirudishe. Kwa lugha ile ambayo baba yake anaisikia."

Asgar akasimama, akageukia kaskazini, upande wa kwao. "Atam saghdir," akasema. Baba yangu yu hai. Akarudia.

Punda wakanywa.

Tulipokuwa tukijaza viriba, akaniambia bila kunitazama, "Nimeondoka miaka mingi. Sijui kama yu hai. Pale sikusema ninachokijua, nilisema ninachokiomba."

Dodoma nilimwacha akitafuta maji katika udongo mwekundu. Nikarudi peke yangu, nikitafakari. Nilikuwa nimempenda kwa maneno yanayofanana na yetu. Kumbe neno geni humfanya mtu aulize, lakini linalofanana na lako unalipokea kama ndugu, wala huulizi limetoka nyumba gani.

Nilipopita tena kwa Ndahani, hakuanza na ng'ombe wala mvua.

"Ata wa yule mgeni, hajambo?"

Nikatazama kaskazini kidogo, kisha nikamjibu, "Saghdir."

Akaniteremshia kata kisimani.