Siku Nilipowaning'iniza Wakwe Zangu

Ndugu zangu, kila mtu ana siku moja ambayo akiikumbuka anajifunika uso hata akiwa peke yake chumbani. Yangu ni Jumapili moja ya Februari 2012, hapahapa Durban, joto limetupiga wiki nzima mpaka lami inanata kwenye viatu.

Wakati huo nilikuwa naishi ndani ya boti. Si kwa raha, ilikuwa kazi: mzungu mmoja aliiunda mwenyewe, ya chuma, ndefu na nyembamba kama zile za mifereji ya kwao (ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili), akaifunga gatini upande wa Bluff, akasafiri, akaniachia ufunguo niilinde na kulala humo. Kwenye joto lile ilikuwa sufuria tupu juu ya moto. Lakini mimi mtoto wa Kigoma, nimekulia ziwani, nikajiona nahodha, na Odette, msichana niliyetaka kumuoa, nikamwambia nina makao yenye upepo wa bahari.

Naye akamwambia baba yake mdogo, mzee Leonidas, Mrundi, mzee wa kanisa, anauza nguo Isipingo, ndiye aliyemlea. Mzee akasema hajibu posa yangu kabla hajaona binti atalala wapi. Kwa hiyo ndiyo au hapana ilikuwa itoke Jumapili ile.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Mwenye boti aliziacha kamba ndefu, boti ikakaa mbali kidogo na ukuta wa gati. Nikaona haiwezekani, mkwe wangu aruke kama mbuzi? Saa sita mchana maji yalikuwa yamejaa, boti iko sawasawa na gati, basi nikaivuta, nikazikaza kamba zote mbili, nikapiga fundo la nguvu. Kwamba bahari inajaa na kupwa nilijua, nilishaliona kwa macho yangu, lakini mikono yangu ni ya ziwani, na ziwani ukifunga mtumbwi asubuhi jioni unaukuta palepale. Halafu nikajiambia, wageni watakaa saa moja tu.

Saa moja! Mzee Leonidas alikuja na shangazi yake Odette, Odette mwenyewe akabaki nyumbani, wakaingia botini kwa hatua moja bila shida (nilijisifu moyoni), na maombi ya kufungua peke yake yalikula nusu saa. Nikawakalisha ndani, maana mgeni wa heshima hawekwi nje. Jasho likatumwagika. Mzee akavua koti, akavua tai, mwisho akavua viatu na soksi, akaviweka mlangoni. Shangazi akawa anajipepea kwa sahani.

Tulikuwa kwenye wali na kuku, saa tisa hivi, nikaona chupa ya Fanta inatembea yenyewe mezani. Nikaishika, nikatabasamu. Ikafuata sufuria.

"Mwanangu," shangazi akauliza, "hii nyumba iko inalala?"

"Ni mawimbi tu, shangazi."

Hakukuwa na wimbi hata moja. Maji yalishuka, boti ikabaki inaning'inia kwa kamba zake, upande wa gati juu, upande wa bahari chini, na wakwe zangu wanateleza kwenye benchi kuelekea chini pamoja na kuku. Nikatoka mbio kufungua. Fundo halishikiki. Kisu kiko kwenye droo, na droo ameilalia mzee.

Watu waliokuwa wakivua kwa ndoano pale gatini walishajaa, wengine wanapiga picha kwa simu. "Eish, bhuti!" mmoja akasema, yaani kaka kwa Kizulu, akainama akanipa kisu chake cha samaki. Nikakata. Chuma chote kile kikarudi majini kwa kishindo, na nikamsikia mzee Leonidas analitaja jina la Yesu kwa nguvu kuliko kwenye maombi.

Gati sasa lilikuwa juu yetu kimo cha mtu. Wengine wakashika vipande vya kamba boti isiondoke, wanaume wanne wakamvuta mzee kwa mikono, wali begani. Shangazi alikataa kushikwa na wanaume asiowajua, akapanda kwa kukanyaga mgongo wangu. Viatu vya mzee vya kanisani vilikuwa vinaelea kuelekea kwenye meli za mizigo. Nilitamani nizame.

Nikampa mzee ndala zangu, nikawasindikiza peku mpaka barabarani, lami inaniunguza, narukia kila penye majani. Tulipofika kwenye taa za kuongozea magari, hizi tunazoita robot, mzee akageuka akaangalia miguu yangu.

"Kamba ulikaza sababu ya nini?"

"Ili usiruke, baba."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Tafuta chumba," mzee akasema. "Chumba iko juu ya udongo. Ukipata, niite. Maombi nitafanya mafupi."

Nilikipata mtaa wa Jacobs, mwezi uliofuata akaja, akasema ndiyo kabla hajakaa. Odette yuko nami mpaka leo. Lakini nimekoma kabisa: nilitaka kumwepusha mzee hatua moja, nikamfanya avutwe na watu wanne. Siku hizi mkubwa akija kwangu namwambia ukweli mlangoni. Hapa pana kuruka, baba, nipe mkono.