Njahi, Nepi Kumi na Mbili na Wageni wa Kuonja

Mkasa huu nimeusimulia mara mbili tu maishani, mara zote nikiwa nimeangalia chini, kwa hivyo ukitaka kucheka cheka sasa tumalizane, maana aibu yenyewe haijaniisha, na kila nikipita mbele ya duka la Mama Githinji pale Kinoo bado nahisi masikio yakichemka.

Naitwa Ndirangu. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la saba, tukabaki wawili, mimi na dada yangu Wanja aliyekuwa na miaka sita, na robo ekari ya shamba nyuma ya barabara kuu. Shule niliiacha muhula uo huo (hakuna aliyenifukuza, ni jembe na daftari havikutoshana mkononi), nikalima, nikauza mboga Ngara, naye Wanja akasoma hadi kidato cha tatu katika shule ya bweni. Sisemi haya nionewe huruma. Nasema ili ujue kwamba mtu aliyemlea dada yake miaka kumi hakupaswa kumfanyia nilichomfanyia Jumamosi ile.

Pale Ngara nilikuwa na mteja wangu, Mama Hansa, mwalimu mstaafu, mama wa Kihindi aliyekaa ghorofa ya pili mkabala na kibanda changu, na aliyependa mboga ya managu kuliko Wakikuyu wengi ninaowajua. Alikuwa katika kikundi cha watu wanaopenda chakula cha kienyeji. Kila mwezi walitembelea shamba la mtu, wakatembezwa matutani, wakaonja kilichopikwa, na mkulima aliyewaridhisha alipewa meza ya kuuzia katika mkutano wao mkubwa, ambako watu wa maofisi ya Upper Hill walikuja na vikapu vyao na kukuuliza jina lako na la mboga yako. Meza hiyo niliitaka kama mtoto anavyotaka viatu vya Krismasi. Nilikuwa nimeuza miaka kumi kando ya mtaro wa maji machafu, nikifunika mboga kwa nailoni mvua ikinyesha, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jina.

"Kijana, wewe iko na shamba kweli, ama nanunua sokoni Marikiti?" Mama Hansa aliniuliza siku moja.

"Iko, mama. Kinoo."

"Basi sisi takuja Jumamosi ya pili. Watu nane. Hapana pika chapati. Pika chakula ya mama yako. Na funika, mimi hapana taka nzi."

Chakula ya mama yangu. Nilitembea nalo neno hilo kutwa nzima. Nilichokumbuka kwa utamu ni njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe mgongoni, yakipondwa na ndizi mbivu, na uji mchachu wa wimbi ukimiminwa kutoka kibuyuni. Nilikumbuka nikiwa na miaka saba, nyumba imejaa wanawake, njahi kila siku wiki nzima, nami nikilamba mwiko. Kwa nini zilipikwa wiki nzima sikujiuliza. (Ningejiuliza dakika mbili tu, leo nisingekuwa na la kuandika.)

Siku kumi kabla ya wageni, Wanja akarudishwa kutoka shuleni na tetekuwanga. Nilimleta kwa teksi, amejifunika shuka kutoka kichwani hadi magotini kwa sababu uso wote ulikuwa vipele na hakutaka kuonwa. Daktari alitoa dawa ya pinki ya kupaka, akasema vipele vikishakauka hawezi kumwambukiza mtu, na kufikia Jumamosi vitakuwa vimekauka. Mimi nikasikia "vitakuwa vimekauka", nikashukuru Mungu, nikafunga pazia.

Sasa uamuzi mdogo ulioharibu yote ndio huu. Kesho yake Mama Githinji, jirani yetu mwenye duka pale barabarani, ambaye pia ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alinisimamisha uani kwake.

"Nimeona Wanja amekuja. Na amejifunika hivyo! Ni mgonjwa?"

Wageni wangu wangeulizia njia dukani kwake, hakuna duka lingine. Nikawaza, nikimwambia ni tetekuwanga, yeye atawaambia, nao watageuza gari hapo hapo, na meza yangu imekwenda. Kwa hivyo nikasema, "La, hata si mgonjwa. Anapumzika tu."

"Anapumzika," akasema.

"Anapumzika, mama."

"Na shule hazijafungwa."

"Hazijafungwa."

"Haya," akasema, kwa sauti ya upole ambayo ingenitisha kama ningekuwa na akili.

Baada ya hapo nikaendelea kujichimbia shimo kwa bidii yangu yote. Nilinunua kilo sita za njahi kwenye duka la huyo huyo. Nilipeleka wimbi kusagwa kwenye posho mill, naye akiwa kwenye foleni nyuma yangu. Niliomba sufuria kubwa ya kanisa, akaniuliza kuna nini, nikasema kuna wageni kidogo, akanipa bila kuuliza tena (Mama Githinji, kutouliza tena!). Nikakumbuka habari ya nzi. Jirani yangu wa kibanda pale Ngara aliuza nguo za watoto, na vitambaa vya jikoni vilikuwa bei ya kukera, lakini nepi nyeupe za pamba, mpya, dazeni nzima, zilikuwa nusu ya bei hiyo. Nikajiambia nepi mpya ni kitambaa tu, haijaandikwa popote kwamba ni nepi. Nikanunua dazeni, nikazifua mara mbili kwa sabuni ya mche, na Ijumaa asubuhi nikazianika zote kumi na mbili kwenye kamba inayotazama barabara, zikapepea huko kama bendera za serikali.

Nakuapia nilizitazama nikajipongeza kwa usafi.

Jumamosi wageni wakafika saa tano, gari mbili. Nikawatembeza kwenye managu, terere, majani ya maboga, na nduma, yaani magimbi, kule bondeni. Mzee mmoja wa ofisini, Bwana Mutua, alivua soksi akaingia kwenye matope ya nduma akicheka, akaniambia kwao Machakos angepigania maji kama yale. Mama Hansa alikuwa anawaeleza wenzake kila jani kana kwamba yeye ndiye aliyelipanda. Nikawakalisha uani, bakuli zimepangwa, kila moja na kitambaa chake cheupe. Bwana Mutua alionja njahi, akafumba macho, akaandika kitu katika daftari lake, akamgeukia Mama Hansa akatikisa kichwa juu chini. Niliona. Meza ilikuwa yangu. Nilikuwa nayo kama dakika nne hivi.

Ndipo nikasikia wimbo.

Walikuja wanawake kama ishirini, wamefunga leso, Mama Githinji mbele. Mmoja alikuwa na gunia la makaa mgongoni (zamani ilikuwa kuni, lakini Kinoo ya leo kuni utazitoa wapi?), wengine unga, sukari, mafuta ya kupaka, na mmoja alikuwa ameshika shali ndogo ya manjano iliyofumwa kwa mkono. Wageni wangu wakainuka wakapiga makofi. Mama mmoja akatoa kamera.

"Ndirangu!" Bwana Mutua akaniambia. "Umetupangia hadi ngoma? Hii sasa ni kali!"

Mimi nilibaki na mwiko mkononi nikitabasamu kama mjinga. Mama Githinji akasimama mbele yangu, akanyamazisha wimbo kwa mkono, akainama kidogo.

"Kijana yetu," akasema, "tungekuja kesho baada ya kanisa, lakini tumeona watu wa upande wa baba wamefika," akamwangalia Mama Hansa kutoka viatuni hadi kwenye nywele, "tukasema hapana, hatuwezi kuachwa nyuma. Huna mama. Sisi ndio mama. Haya, tuambie. Ni tatu ama ni tano?"

Kwetu kila mtu anajua. Vigelegele vitatu ni vya msichana, vitano ni vya mvulana.

Yote yakanijia kwa pamoja, kilo sita za njahi na uji mchachu, ambavyo ni chakula cha mama aliyejifungua, msichana aliyeletwa amejifunika na haonekani siku kumi, ndugu anayesema si mgonjwa anapumzika tu, na nepi, Mungu wangu, nepi dazeni nzima kwenye kamba. Na wiki ile ya utotoni nikilamba mwiko ilikuwa wiki aliyozaliwa Wanja. Mambo kama haya mtu huambiwa na mama yake, na mimi mama sikuwa naye wa kuniambia, lakini macho nilikuwa nayo.

Kama ningesema pale pale, "Ana tetekuwanga," yangekwisha. Lakini Bwana Mutua alikuwa na kijiko mdomoni. Nilitazama kijiko, nikawatazama wanawake, nikajua kwamba nikinyamaza, kufikia jioni Kinoo nzima itasema Wanja amezaa, na kufikia Jumatatu shule yake itasikia, na shule za siku zile hazikuwa na maneno mengi na msichana aliyezaa, zilimfukuza tu. Nilijua yote hayo. Na unajua nilisema nini?

Nilisema, "Amelala."

"Uuui, amelala!" wanawake wakanong'ona, wakipunguza sauti, wakipeana viwiko. "Mtoto mpole!"

Hiyo ndiyo aibu yenyewe, kama ulikuwa unangoja. Njahi ni ujinga na nepi ni ubahili, lakini lile neno moja nililitoa kwa akili timamu, kwa sababu ya meza.

Mlango ukafunguka. Wanja alikuwa amesikia kila kitu, ukuta wetu ni mabati. Akatoka na gauni la kulalia, uso, shingo na mikono vimejaa vipele vilivyokauka, vyote vimepakwa dawa ya pinki, nywele hazijachanwa siku kumi. Akasimama kwenye ngazi.

"Mtoto ni mimi," akasema. "Njooni mnihesabu vipele, halafu mpige vigelegele mnavyotaka."

Hakuna aliyepiga. Kuku alipita katikati yetu bila haraka, nikamwonea wivu.

"Tetekuwanga!" Mama Githinji akasema, na kwanza akamkimbilia Wanja akamshika mabega (hilo siwezi kumnyima), kisha akanigeukia mimi. "Ndirangu! Ulisema si mgonjwa!"

"Nilisema anapumzika."

"Na nepi?"

"Nepi gani?" Bwana Mutua akauliza, kitambaa cheupe kiko kwenye goti lake, amejifutia mdomo nacho mara tatu.

"Hiyo," Mama Githinji akamwambia.

Nimewahi kuona watu wakiacha chakula, lakini sijawahi kuona vijiko vinane vikiwekwa chini kwa wakati mmoja kama askari wameamrishwa. Mama wa kamera akasogea hadi kwenye uzio. Mwingine akaanza kusugua mikono na majani ya maboga yangu. Mama Hansa peke yake alibaki ameketi.

"Kijana, kuja hapa. Nepi iko mpya?"

"Mpya, mama. Nimefua mara mbili."

"Na hii ugonjwa?"

"Imekauka. Daktari alisema haiambukizi tena."

"Mimi nafundisha darasa la kwanza miaka thelathini, naona watoto na hii kitu kila mwaka." Akajaza kijiko njahi akala, polepole, wote wakimwangalia. "Sasa kama nepi mpya, na dada napona, wewe nadanganya sisi sababu gani?"

Nikaanza kukusanya vijiko. Mama Hansa aliinuka, akamwendea Wanja akasema naye maneno machache ambayo sikuyasikia, akaingia garini na wenzake. Mwezi uliofuata meza walimpa mtu mmoja anayefuga sungura.

Wanawake walibaki. Walisema chakula hakitupwi, wakala njahi zote hadi sufuria ikalia, huku wakinicheka kwa zamu, na yule wa makaa akaniuliza kama nina mimba mimi. Nilijaribu kuwarudishia vitu vyao. Mama Githinji akakataa katakata. Zawadi ya mzazi hairudi nyuma, akasema, ikishavuka mlango imevuka. "Weka. Siku moja mtu atazaa katika nyumba hii." Wanja hakusema nami hadi Jumanne, na Jumanne alisema maneno matatu: "Ungesema tu kwamba naumwa." (Ndiyo, ni manne. Aliyeacha shule ni mimi, si yeye, na hata yeye alinisahihisha niliposimulia hivyo.)

Meza niliipata mwaka uliofuata, kwenye kona, karibu na choo. Mama Hansa alikuja kunikagua. "Leo kuna mgonjwa nyumbani?" Nikamwambia nina mafua, na jino la juu kushoto linauma. Akanunua managu.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza habari za nyumbani namjibu zote, ugonjwa, daktari na rangi ya dawa, hata watu wanajuta kuniuliza. Na nepi sikuzigusa tena, mpaka Wanja alipojifungua kwelikweli, miaka kadhaa baadaye, akiwa ameolewa na ni mwalimu. Nilikwenda dukani kwa Mama Githinji asubuhi na mapema kununua njahi, na ile shali ya manjano nimeikunja kwapani. Duka lilikuwa limejaa watu. Alinitazama, akatazama shali, akaanza kufungua mdomo.

"Tatu!" nikapiga kelele kabla hajauliza.